Yadi Ishirini na Moja

Kitambaa kililetwa Jumatatu asubuhi mgongoni mwa mlinzi wa shule, na préfet mwenyewe akakisindikiza kwa miguu toka lycée mpaka mtaa wa Kamalondo, maana hakutaka ipotee njiani hata yadi moja. Asani fundi akaacha cherehani, akafuta meza kwa kiganja, mzigo ukafunguliwa. Kitenge cha kijani, kizito, kizuri hasa. Na kila baada ya shibiri tatu, ndani ya duara la manjano, Guide wa taifa, yaani rais, akiwatazama, kofia yake kichwani.

"Yadi makumi mbili na moja," préfet akasema. "Batoto saba. Siku makumi mbili na moja. Unaona vile hesabu inaingia yenyewe, Citoyen Asani?"

Huyu préfet, yaani mkuu wa shule kwa usemi wa Lubumbashi, aliitwa Dominique mpaka mwaka majina ya Kizungu yalipopigwa marufuku. Siku zile alikuwa Citoyen Kapya, yaani Raia Kapya, na mwanafunzi aliyejisahau akataja jina la zamani alifyeka majani ya uwanja Jumamosi nzima. Lycée yake ya wasichana ilikuwa imechaguliwa, pamoja na shule nyingine tisa za mji, kwa mashindano ya hesabu kwenye ukumbi mkubwa wa centre-ville, katikati ya mji. Na kwa kuwa zama zile hakuna jambo lililoanza bila animation, yaani nyimbo na ngoma za kumsifu Guide, timu ya hesabu ilihitaji kwanza nguo za kuchezea. Kalamu zingengoja.

"Sasa unisikilize," préfet akasema. "Sura ya Guide haikatwe. Haikunjwe. Haigeuke kichwa chini." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Na haikaliwe."

"Haikaliwe namna gani, préfet?"

"Batoto batakala ku banc kuandika hesabu. Bakubwa batakuwa pale mbele. Haifae sura ikuwe nyuma, kule chini. Unanisikia."

Asani alimsikia sana. Mafundi wote wa Kamalondo walilijua tatizo lile. Kitenge kimejaa sura kila upande, na mwanamke akijifunga, lazima sura moja itue pale pasipotakiwa. Mtaani watu walilicheka kimoyomoyo, lakini préfet Kapya hakutaka kuchekwa hata kimoyomoyo.

"Basi haitatosha," Asani akasema. "Nguo saba, na sura zote zikae vizuri, inaomba yadi makumi mbili na munane."

"Mafundi mbili balikwisha kuniambia vile. Njo maana nimekuya kwako." Préfet akatabasamu. "Mutoto yako Mwajuma iko ku liste, sivyo? Bon. Na kazi hii iko salongo. Ya inchi yetu."

Salongo ni kazi anayoifanya raia kwa moyo mmoja, bila malipo, apende asipende. Asani akasema ndiyo, préfet. Angesema nini? Mwajuma alikuwa kwenye liste ya timu kweli, wa kwanza wa darasa miaka mitatu mfululizo, na mtoto atakayepata alama nyingi kuliko wote kwenye mashindano angepewa bourse: miaka mitatu ya internat, yaani bweni, kule Likasi, chakula na vitabu juu, kwenye section ya sayansi. Lycée yao haikuwa na sayansi. Ilikuwa na coupe-couture, yaani ushonaji, na mtoto wa fundi asiye na bourse angepelekwa huko bila kuulizwa, akafundishwe kwa miaka mitatu kushika mkasi alioushika tangu ana miaka sita. Mwajuma alitaka hesabu tu. Mengine yote aliyafanya kwa adabu.

*

"Ungekataa," Amida, mkewe, akasema jioni ile, aliporudi kutoka sokoni na kapu lake la samaki wakavu wa Pweto. "Bengine mbili balikataa, na hawakufa."

"Bengine mbili habana mutoto ku liste, Mama Mwajuma."

Amida alikuwa mwanamke wa kusema machache na kuyakumbuka kwa muda mrefu.

Siku mbili Asani alikizunguka kitambaa akiwa na chaki mkononi, wala hakuthubutu kukata. Akipima mwili, sura inaangukia kwapani. Akiisogeza sura kifuani, mgongo unakosa kitambaa. Akipata kifua na mgongo, kilamba cha chini, kile cha kujifunga kiunoni, kinaleta Guide pale pale alipokatazwa kukaa. Siku ya tatu Mwajuma alirudi kutoka masomo, akaweka daftari lake kwenye dirisha, akasimama karibu na meza, akiifuata chaki ya baba yake kwa macho.

"Baba, weye unaanza na mwili ya muntu," akasema mwishowe. "Anza na sura. Sura hazitembee. Tuhesabu ziko wapi, kisha tupange bantu pembeni yazo."

Akachukua magazeti ya zamani, akayakata vipande vidogo: vifua, migongo, mikono. Akachora kitambaa kizima kwa chaki sakafuni, kidogo, na maduara yake yote. Halafu akapiga magoti, akaanza kuhamisha. Mchana wa kwanza alipata nguo tano. Wa pili, sita na nusu. Wa tatu aligundua kwamba nyuma ya kilamba inaweza kuungwa kwa vipande viwili vya kijani kitupu, vile vinavyobaki katikati ya duara na duara, na kwamba hakuna mwenye akili atakayekwenda kukagua mshono pale. Asani alikata kwa roho juu, mke na mtoto wakimtazama, na mkasi ukapita pembeni ya kila sikio bila kuligusa.

Lakini mambo hayo yalichukua siku kumi na moja, kukata na kuunganisha, na zote ni mchana. Mchana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, timu ya hesabu ilikuwa uwanjani ikifanya mazoezi ya ngoma. Préfet mwenyewe ndiye aliyemruhusu Mwajuma asiende. Mwalimu Nkandu, mwalimu wa hesabu, kijana mpole mwenye suruali moja, aliomba angalau siku nne za kurudia équations, yaani milinganyo, na wasichana. Akapewa mbili.

"Hesabu banajua," préfet alimwambia. "Ngoma njo hawajue."

Nkandu akaandika mazoezi kwenye karatasi, akapita mwenyewe Kamalondo kumpa Mwajuma. Mwajuma aliyafanya kwa chaki kwenye ukingo wa meza ya kukatia, kati ya mkono na mkono.

*

Nguo saba zilipokwisha kutundikwa ukutani, juu ya meza ilibaki kitenge. Si vipande vya kufutia mashine. Yadi mbili na nusu, na ndani yake sura mbili nzima, safi.

Kwa mafundi wa Kamalondo masazo ni ya fundi. Hakuna aliyeandika hivyo popote na hakuna anayebisha. Mteja haulizi na fundi hasemi, na watoto wa mafundi wote wanavaa vile, kidogo cha huyu na kidogo cha yule. Amida akaikunja ile yadi mbili na nusu, akaiweka chini ya godoro.

"Préfet akikuya, funga kinywa," akasema.

Asani alikusudia kukifunga, Mungu ni shahidi. Préfet akaja, akazunguka zile nguo, akapima kwa macho, akageuza kilamba kimoja kutazama nyuma. Kijani kitupu. Akacheka peke yake kwa raha.

"Fundi, weye iko mukubwa. Yadi makumi mbili na moja tu?"

Hapo ndipo Asani alipojiharibia. Angeweza kukubali sifa na kunyamaza, mtu mwingine yeyote angenyamaza. Lakini alikuwa baba, na mbele yake alisimama mtu atakayempeleka mtoto wake kwenye mashindano, na alitaka mtu huyo ajue anampeleka nani.

"Hapana miye, préfet. Ni Mwajuma njo alipanga yote. Na hata makumi mbili na moja haikufika." Akaingia chumbani, akatoka na kile kitambaa, akakitandaza mezani kwa mikono miwili. "Angalia. Aliokowa hii yote."

Préfet hakukitazama kitambaa. Alizitazama zile sura mbili.

"Na hii ilikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

Asani hakutaka kutaja godoro. Préfet akavuta kiti, akakaa, akajipangusa shingo.

"Citoyen Asani. Sura mbili nzima za Guide, ku nyumba ya muntu, bila kazi. Kesho muntu anapita, anauliza: hizi zinangoja nini? Utajibu nini? Miye nitajibu nini?" Akafikiri. "Inapaswa kuvaliwa. Nitatafuta wa kuivaa."

Alipoondoka, Amida alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Mukono yako iko ya fundi, Baba Mwajuma," akasema. "Kinywa yako iko ya mutoto mudogo."

*

Wa kuivaa alipatikana siku ya pili yake. Aliitwa Chileshe, binti wa mkubwa mmoja wa commune, ofisi ya serikali ya mtaa, yule mwenye muhuri. Msichana mnene, mcheshi, mwema kabisa, ambaye kwenye somo la hesabu alikuwa akiweka daftari lake juu ya meza na kulitazama kwa heshima bila kulifungua. Alikuja kupimwa na soda mbili, moja yake na moja ya Mwajuma. Asani alimpima, akapima kitambaa, akampima tena. Akashona bila akiba ya mshono ubavuni, uzi ukipita ukingoni kabisa, na kumwomba asivute pumzi sana.

Wasichana wakawa wanane. Kisha waandalizi wakatuma barua ya kukumbusha kwamba kila shule inaleta washindani saba, si zaidi. Asani akaitwa ofisini.

Alingoja kwenye benchi la wazazi wenye makosa toka saa mbili mpaka saa nne na nusu. Alipoingizwa, préfet alikuwa na régistre ya mahudhurio wazi mbele yake, na kidole kwenye mstari.

"Ni jambo ya masikitiko," akasema. "Mwajuma, animation, absent mara kumi na moja. Hakuna mutoto mwingine iko na absences kama hizi. Moja anapaswa kutoka, na régistre inasema ni nani."

"Préfet, weye njo ulimuacha ku meza yangu. Siku zile zote alikuwa anakata nguo ya bengine."

"Nakubali. Nakubali kabisa. Lakini régistre haiandike juu ya nini. Inaandika tu: hayuko."

"Basi ondoa ile nguo ya munane. Nitaifumua. Nitakurudishia kitambaa."

"Utafumua Guide?"

Asani alijisikia mjinga, na ujinga ule ulimuuma kuliko dhuluma yenyewe, kwa sababu dhuluma ilikuwa ya préfet lakini ujinga ulikuwa wake.

"Na nguo yake mwenyewe?" akauliza, bila kujua kwa nini anauliza.

"Hiyo tumeangalia. Inamuenea bibi yangu vizuri sana. Ataivaa mbele, na bakubwa." Préfet akafunga régistre. "Na siku ile utakuya ku salle ya mashindano na sindano na uzi. Muntu akipasukiwa, ukuwe karibu. Salongo, citoyen."

"Ndiyo, préfet," Asani akajibu. Njia nzima alilirudia jibu lile kichwani na kulichukia.

Mwajuma alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Chileshe anajua équations?"

"Sijue, mwanangu."

"Hajue," Mwajuma akasema. Akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

*

Siku ya mashindano Asani alimchukua Mwajuma amshikie kikapu cha uzi. Amida alipinga. Alisema ni kumpeleka mtoto akatazame harusi ya mchumba wake mwenyewe. Lakini Mwajuma alisema anataka kuyaona maswali hata kwa mbali, na akavaa uniforme yake ya bleu na nyeupe, akaipiga pasi.

Ukumbi ulijaa. Shule kumi, mabendera, wakubwa safu ya mbele ndani ya abacost zao, zile suti zisizo na tai, na mke wa préfet katikati yao, ndani ya nguo ya Mwajuma, amekaa wima kwa fahari. Animation ilichukua saa mbili na robo. Shule yao ilicheza ya saba, na ilicheza vizuri, hatuwezi kuwanyima haki yao. Siku kumi na tisa za mazoezi zilionekana. Watu walisimama. Katika mruko wa mwisho, ule wa kunyoosha mikono juu wote pamoja, ubavu wa nguo ya Chileshe ulifumuka toka kwapani mpaka kiunoni, na mlio wake ulisikika nyuma ya pazia alikosimama Asani.

Wakamleta nyuma amejifunika kwa mikono. Préfet akafika mbio.

"Imefika ku sura?"

Asani akainama. "Bado vidole mbili ku sikio."

Préfet akakaa juu ya sanduku. "Hesabu inaanza nyuma ya dakika kumi na tano. Shona. Naenda kuwaambia bangoje kidogo." Akatoka.

Asani akatazama mpasuko. Ulikuwa wa mshono tu, kitambaa kizima. Kiraka chembamba kutoka kwenye pindo la chini, dakika kumi, pengine nane. Uzi ulikuwa tayari kwenye sindano. Akashika ubavu wa nguo, na Chileshe akamshika mkono.

"Papa fundi, nakulomba. Sema haiwezekane."

"Mutoto, inawezekana."

"Sema haiwezekane. Papa yangu iko pale mbele. Miye nikikala pale na karatasi nyeupe, saa nzima, na yee ananiangalia..." Machozi yakamshuka. "Mwajuma anajua. Miye sijue hata kimoja. Nilikubali juu ya nguo tu."

Mwajuma alikuwa amesimama na kikapu, anatazama sakafu. Hakuinua macho kuomba. Afadhali angeomba.

Miaka ishirini na minane Asani alikuwa fundi, na hakuna mteja aliyewahi kusikia kinywani mwake kwamba kazi yake ni mbovu. Alishona sanda, alishona magauni ya harusi, alishona suti za Wabelgiji ambao hawakumlipa, na mishono yake yote ilikaa. Préfet akarudi.

"Imekwisha?"

"Inaomba saa moja," Asani akasema. "Makosa iko yangu. Nilishona mubaya."

"Saa moja?"

"Ku mwili hii, saa moja. Ku mwili mwembamba, nitakunja upande, nitaweka pini tatu. Hakuna muntu ataona."

Préfet akatazama huku na huku akitafuta mwili mwembamba. Akauona, labda kwa mara ya kwanza.

"Muvalishe," akasema. Kisha, kwa kuwa walimu wa shule nyingine walikuwa wakisikia, akaongeza kwa sauti: "Fundi wa bule kabisa. Kamalondo nzima inakusifu, kumbe wa bule."

"Ndiyo, préfet," Asani akasema. Na safari hii neno lile lilimtoka kwa raha, maana alikuwa amekwisha kupiga magoti na pini mdomoni, anakunja nguo kwenye ubavu wa mwanawe. Chileshe alijifunga shuka la kazi la Asani kutoka mabegani mpaka miguuni, akakaa juu ya sanduku akishukuru Mungu kwa Kibemba.

Mlangoni mwa ukumbi préfet alimwinamia Mwajuma, akamwambia jambo sikioni. Asani alimwona mtoto akisimama ghafla. Préfet akaongeza neno. Mwajuma akatazama meza iliyokuwa karibu na mlango, kisha akaitika kwa kichwa, akaingia. Anamwombea heri, Asani alifikiri. Hata yeye ana moyo.

Saa nzima alisimama nyuma ya ukumbi pamoja na Mwalimu Nkandu. Kutoka kule aliona tu kisogo cha mwanawe na mkono unaokwenda. Haukusimama. Wasichana wengine wa timu walikuwa wakitazama dari, wakitazamana, wakitazama saa ya ukutani. Mkono wa Mwajuma ulikwenda, ukageuza karatasi, ukaenda tena. Kisha ukalala mezani.

"Amemaliza," Nkandu akanong'ona. "Hakuna mwingine. Bado dakika makumi mbili, na yee amemaliza."

Asani alikuwa na furaha kubwa, na aliogopa akifungua kinywa itamwagika.

*

Matokeo yalisomwa saa kumi. Shule yao ilikuwa ya kwanza kwa animation na ya nne kwa hesabu, na kwa jumla, animation ikihesabiwa mara mbili, ya pili. Préfet Kapya alikumbatiwa na watu watatu. Kisha mkubwa wa mashindano akavaa miwani ili asome mshindi wa bourse: alama thelathini na tisa juu ya arobaini.

Asani alimwona Mwajuma akiinuka kwenye kiti chake, na kabla hajasikia jina alikuwa amekwisha kusimama, anapiga makofi. Alipiga kwa nguvu zote. Mwajuma akapanda jukwaani ndani ya kitenge chenye pini, akapewa karatasi yenye utepe, akapewa mkono. Ndipo yule mkubwa akarudia jina kwa ajili ya mpiga picha.

"Citoyenne Chileshe. Tunamupongeza sana na muzazi wake, iko pamoja nasi hapa."

Mikono ya Asani iliendelea kupiga yenyewe, kidogo, kisha ikaacha. Nkandu alikuwa amegeuka ukutani. Kule mbele, yule mwenye muhuri wa commune aliinuka nusu, akamtazama msichana aliye jukwaani na jina la binti yake. Akatazama kulia. Watu wa kulia walikuwa wanamnyooshea mikono ya pongezi. Akatazama kushoto, na wa kushoto vilevile. Mtu mzima yule hakuchelewa sana. Akasimama wima na kupiga makofi kuliko ukumbi mzima.

Nyuma ya pazia Asani alimshika préfet kwa mkono wa abacost, jambo ambalo asubuhi ile asingelithubutu.

"Jina ya mutoto wangu."

"Citoyen, acha mukono." Préfet hakukasirika. Alikuwa na furaha mno. "Liste ilipigwa ku mashini mara tano, muhuri ku kila moja. Tulikwisha kuibadilisha mara moja. Ningeenda kusema nini? Eti tumebadilisha tena, juu nguo imepasuka? Na sasa ukisema, mutoto yako aliandika jina ya muntu mwingine ku karatasi ya inchi. Batamuuliza yee, batakuuliza weye. Miye siko nataka hiyo, juu yenu."

Chileshe alikuwa bado ndani ya shuka. Baba yake alipoingia na wakubwa wenzake, alimkumbatia hivyo hivyo, na shuka lake.

"Papa, hapana miye," Chileshe akasema akilia. "Miye siende Likasi. Sijue hesabu."

"Utajua," baba yake akasema, akimpiga mgongoni kwa upole. "Umekwisha kushinda."

Mwajuma akavua nguo, akavaa uniforme yake, akampa Chileshe ile karatasi. Chileshe hakutaka kuipokea, wakasukumana nayo kidogo, mpaka baba yake Chileshe akanyoosha mkono na kuichukua yeye.

Walirudi kwa miguu, wakavuka reli, kikapu kikiwa mkononi mwa Asani safari hii. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani Asani alipouliza.

"Alikwambia nini pale ku mulango?"

"Niandike jina iko ku liste. Ama nitoke."

"Na weye ulikubali."

"Nilitaka kutoka, Baba." Mwajuma alifikiri, maana alikuwa mtoto asiyependa kutoa jibu ambalo hajalihakikisha. "Lakini karatasi ilikuwa pale ku meza, karibu, na nilikuwa naisoma swali ya kwanza. Ilikuwa muzuri sana."

Asani alitaka kumwomba radhi. Kwa kinywa chake, kwa meza yake, kwa siku zile kumi na moja. Hakuona aanzie wapi, na Amida alikuwa amekwisha kuwaona toka mlangoni, anafuta mikono kwenye kitambaa, anakuja mbio barabarani, yeye asiyekimbia.

"Aliingia? Mwalimu Nkandu alipita hapa juu ya kinga yake, anakanyaga pedali, hakusimama. Aliniambia tu aliingia, na ni wa kwanza. Baba Mwajuma, ni wa kwanza?"

"Ni wa kwanza," Asani akasema. "Thelathini na tisa juu ya arobaini."

Amida akashika kichwa, akashukuru Mungu, akamvuta mtoto kifuani, akaita jirani wa kulia, akaita na yule wa kushoto ambaye hawakusemezana tangu Ramadhani. Asani alimwacha afurahi kidogo. Kisha akamshika mkewe mkono, akamwingiza ndani, akamwambia akae chini.